Mbona saiti zinakufungia mlango kwa sababu ya rilei ya Tor iliyo kwako nyumbani

Kwa magrupu ya watu wa kompyuta hapa Nairobi kuna lalamiko moja huwa linajirudia. Mtu ako na faiba kwake, amelipia mwezi, YouTube inacheza bila kukwama, WhatsApp inaingia, lakini akifungua saiti fulani, labda ya benki, labda ya kukata tiketi ya ndege, anapata ukurasa mweupe umeandikwa Access Denied na chini yake namba ndefu haieleweki. Anazima wifi anaweka bando ya simu, laptopu ile ile, saiti ile ile, inafunguka chap chap. Anapigia watu wa intaneti wanamwambia laini iko sawa, hebu zima rauta uwashe tena. Ukimuuliza polepole ndo unajua kwamba pale sebuleni nyuma ya TV ana kakompyuta kadogo, Raspberry Pi mara nyingi, kanaendesha rilei ya Tor, yaani kanasaidia kubeba data ya mtandao wa Tor, usiku na mchana.

Hapo ndo maneno huanza. Mmoja atasema umedukuliwa, mwingine atasema ni adhabu ya kuingia dark web, zile saiti za kificho, mwingine ati ni serikali imekufungia. Mara nyingi si hayo yote. Kinachomfungia ni orodha, na imetumika vibaya, na nataka tulifungue hili jambo kutoka chini kabisa kwa sababu watu wanaojitolea wanaumia bure na saiti zenyewe hazipati faida yoyote.

Tuanze na IP. Laini yako ya intaneti ikiongea na dunia inatumia namba, na hiyo namba ndo saiti inaona ukifungua ukurasa wake. Jina lako haioni. Inaona namba, na kwa hiyo namba inaweza kukisia uko nchi gani na ni kampuni gani imekuuzia intaneti. Nyumba ikiwa na rauta moja, simu zote, TV, laptopu ya mtoto wa shule, kwa kawaida vyote vinaonekana huko nje kama namba hiyo moja. Hilo lishike vizuri, tutalirudia.

Tor nayo ni mtandao wa kuficha nani anaongea na nani. Wazo lilianzia kwa maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990, programu ikatolewa kwa watu wote 2002, na tangu 2006 kuna shirika lisilo la faida linaloitwa Tor Project ambalo linaisimamia. Lakini shirika halina uwezo wa kubeba data ya dunia nzima, wanaobeba ni kompyuta za watu wa kujitolea, maelfu kadhaa, zimetawanyika nchi nyingi. Kila moja ya hizo kompyuta ndo inaitwa rilei. Mwenye rilei anatoa umeme wake na intaneti yake, na Tor haimlipi.

Inafanyaje kazi? Chukulia unatuma kifurushi kutoka Nairobi hadi duka fulani Kisumu, na hutaki mtu yeyote njiani ajue kwamba ni wewe umetuma na pia ajue kinaenda wapi. Unakifunga kwa bahasha tatu, moja ndani ya nyingine. Ya nje imeandikwa ajenti wa Naivasha. Huyo anaifungua, anapata ndani kuna bahasha imeandikwa ajenti wa Nakuru, anaisukuma mbele. Wa Nakuru anafungua ya kwake, anapata imeandikwa ajenti wa Kisumu, naye anasukuma. Wa Kisumu anafungua ya mwisho, anaona jina la duka, na ni yeye anaenda kubisha mlango. Wa Naivasha anakujua wewe lakini duka halijui. Wa Kisumu analijua duka lakini wewe hakujui. Wa Nakuru hajui kitu isipokuwa wenzake wawili, aliyempa na anayempelekea.

Sasa siku mwenye duka amechoka na vifurushi vya fujo, ni nani amewahi kumuona mlangoni kwake? Ni ajenti wa Kisumu peke yake. Lakini badala ya kushughulika na huyo, anatafuta orodha ya maajenti wote wa hiyo barabara kuanzia Naivasha na kuwapiga wote marufuku. Halafu siku ajenti wa Nakuru ameshuka Kisumu na familia yake, anaingia dukani kununua mkate kwa pesa yake mwenyewe, anafukuzwa.

Ndo hivyo kabisa kwa Tor. Kuna rilei ya kuingilia, ya katikati na ya kutokea. Rilei ya kutokea ndo ya mwisho, na namba yake ya IP ndo saiti inaona. Ya kuingilia na ya katikati zinabeba data iliyofungwa kwa usimbaji, zinapokea kutoka kwa mtu wa Tor au rilei nyingine na kupeleka kwa rilei nyingine, basi. Haiwezekani mtu aingie saiti ya benki yako kupitia rilei ya katikati iliyoko Roysambu na benki ione IP ya Roysambu. Programu yenyewe haimruhusu. Kwa mipangilio kuna mstari umeandikwa ExitRelay 0, na ukiwa hivyo rilei inakataa kutoa mtu nje, hata aombe namna gani.

Na rilei za nyumbani kwa kawaida ni hizo za ndani. Tor Project wenyewe wanashauri mtu asiweke rilei ya kutokea nyumbani kwake, na EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za watu mtandaoni, wanasema vivyo hivyo, juu mtu akifanya uhalifu kupitia hapo, IP itakayoonekana ni ya nyumba yako na wapelelezi watakuja kwa mlango wako kwanza. Rilei za kutokea wanaziweka kwa seva za kukodi, kwa vyuo, kwa mashirika yaliyojipanga na mawakili. Mtu wa faiba ya nyumbani anachukua kazi ya katikati ambayo haigusi saiti ya mtu.

Sasa kama haigusi, mbona anafungiwa?

Tor haiwezi kufanya kazi bila orodha ya wazi. Programu ya Tor kwa laptopu yako lazima ijue rilei zote zilizoko ndo ichague tatu za kupitia. Kwa hivyo kuna seva chache zinazoaminika ambazo kila saa zinapiga kura kukubaliana rilei gani ziko hai, na matokeo yanatangazwa kwa kila mtu. Ndani kuna IP ya kila rilei, namba ya mlango (port) inaopokelea, na sifa zake. Yeyote duniani anaweza kuishusha sasa hivi. Haijawahi kuwa siri.

Kuna makampuni na watu binafsi ambao kazi yao ni kukusanya orodha za IP mbaya na kuziuza au kuzigawa kwa wenye saiti. Wengine wanachukua ile orodha nzima ya Tor, wanaiweka jina moja tu, Tor, au wanaichanganya na VPN na proksi, seva za kupitia ili IP yako isionekane, kwa kapu moja linaloitwa anonimaiza, yaani vya kujificha. Mwenye saiti ananunua fayawolo, mlinzi wa kuchuja wanaoingia saiti, anaona kuna kisanduku cha kutiki kimeandikwa zuia Tor, anatiki, anaenda nyumbani. Hajui kwamba ndani ya hicho kisanduku sehemu kubwa ya namba ni za rilei ambazo haziwezi kumfikia. Sidhani wengi wanafanya kwa ubaya, wengi hawajawahi kuelezwa tofauti. Lakini kutoelezwa kwao kunamgharimu mtu mwingine.

Kinachouma zaidi ni kwamba Tor Project wanatoa orodha nyingine kando, ya rilei za kutokea peke yake, bure, kwa ajili ya wenye saiti wanaotaka kuzuia. Tena hawaangalii tu kile rilei imejitangaza, wanapima kwa kutoka nje kupitia kila moja kuona IP gani hasa inaonekana upande wa pili, juu kuna rilei inapokea kwa namba moja na kutoa kwa nyingine. Kwa hivyo orodha sahihi ipo tayari na iko bure, lakini watu wanatumia ile nyingine.

Nikuonyeshe mahali pa kuangalia mwenyewe. Tor Project wana ukurasa unaitwa Relay Search. Unaandika jina la rilei au IP, inakuja mistari: iliwashwa lini, inabeba data kiasi gani, na pembeni vialama vidogo. Rilei ya kawaida ya nyumbani utaona Running, Valid, Fast, labda Stable, na ikikaa muda Guard, maana yake imeaminiwa kuwa ya kuingilia. Kile cha Exit hakipo. Hicho kialama kimoja ndo kila fayawolo ingeangalia kabla ya kumfungia mtu. Na angalia kasi ya mambo haya mawili: rilei mpya haipewi kazi nyingi mara moja, siku za kwanza inapimwapimwa tu, na kialama cha Guard hakiji kabla ya kama siku nane, lakini IP yako iko kwa orodha ya wazi ndani ya masaa machache. Unaweza kufungiwa na benki hata kabla rilei yako haijaanza kusaidia mtu vizuri.

Pia kuna swala la kutoka kwa orodha. Orodha ya Tor ina maisha mafupi, kila toleo linakufa baada ya masaa matatu, ukizima rilei leo asubuhi mchana haupo. Lakini wanaonakili hawana haraka ya kufuta. Kuna orodha zinakaa na IP siku nyingi, zingine wiki. Na kwa sababu IP za nyumbani hubadilika, rauta ikizimika kwa stima kupotea unaweza kuamka na namba mpya, na ile ya zamani ikapewa mama fulani wa Donholm ambaye hajawahi kusikia neno Tor maishani mwake, naye anaanza kusumbuliwa na kapcha za kutafuta taa za barabarani kila akifungua saiti.

Mambo watu wanasema ambayo si kweli

La kwanza, ati mwenye rilei anajificha. Hapana, na hili watu wanaligeuza kichwa chini miguu juu. Mwenye rilei anapofungua saiti ya benki kwa laptopu yake bila Tor, anaenda moja kwa moja kwa laini yake, IP yake halisi, akaunti yake halisi. Tena IP yake imetangazwa kwa orodha ya wazi kwa hiari yake. Kwa hivyo saiti ikimfungia inafungia mtu aliyesimama wazi kabisa, aliyekuja kwa shughuli zake.

La pili, ati rilei inajaza laini yako na uchafu wa watu, picha mbaya, virusi. Kinachopita ni data iliyosimbwa, rilei ya katikati haiwezi kuisoma na haihifadhi chochote kwa diski yako. Kompyuta yako haipati virusi kwa kusukuma bahasha iliyofungwa.

La tatu, Tor ni VPN ya bure. VPN ni kampuni moja inayojua wewe ni nani na pia unaenda wapi, unaiamini tu kwa maneno yake. Tor imegawa huo ujuzi kwa watu watatu wasiojuana. Na hili la dark web, ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya matumizi ya Tor ni watu kufungua saiti za kawaida kabisa. BBC, ambayo nyumbani kwetu ndo sauti ya habari za Kiswahili, ilifungua mlango wake ndani ya Tor 2019. Facebook walifanya hivyo 2014.

Lakini wenye saiti wana hoja yao pia, tusiwaonee. Kupitia rilei moja ya kutokea wanaweza kupita watu mamia kwa wakati mmoja, na kati yao kuna mashine zinazojaribu nywila za watu, zinazomwaga spamu, zinazokwangua bei. Saiti haiwezi kumtofautisha mwema na mbaya juu wote wana IP moja. Utafiti mmoja uliotolewa 2016 ulikuta karibu asilimia 3.67 ya saiti 1,000 kubwa duniani zilikuwa zinawabagua watu wanaokuja kupitia Tor kwa kuwazuia au kuwapa ukurasa tofauti. Mimi naona kuwafungia kabisa watu wa Tor ni kupita kiasi, hasa kama mtu anataka kusoma tu, ila angalau hapo kuna mantiki, yule aliyebisha ndo amezuiwa.

Wikipedia ndo mfano ninaoupenda. Wao waliteswa na waharibifu kupitia Tor, wakatengeneza kizuizi. Lakini kizuizi chao kinaangalia rilei za kutokea, tena zile ambazo zinaweza kufika kwa seva zao, na kinazuia kuhariri peke yake. Kusoma, soma utakavyo. Mwenye rilei ya katikati anahariri kutoka nyumbani kwake bila shida. Saiti kubwa hivyo, inayoendeshwa kwa michango, imeweza kutofautisha. Kampuni yenye idara nzima ya usalama itashindwa na nini?

Kwa nini nalichukulia hili kwa uzito nikiwa Nairobi? Juu tumeona kwa macho yetu. Novemba 2023 wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Telegram ilizuiwa hapa Kenya na watu wasio na uhusiano wowote na mtihani wakakatika na biashara zao. Jirani zetu Uganda walizimiwa intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi na Facebook ikabaki imefungwa hata baada ya intaneti kurudi. Tanzania nako mtandao wa X, ule wa zamani Twitter, ulifungwa 2025. Tor haisaidii intaneti ikizimwa yote, hapo hakuna kitu, lakini ikifungwa app moja moja ndo watu huikimbilia, na wakiikimbilia wanazikuta rilei nyingi ziko Ujerumani, Marekani, Uholanzi. Afrika ni chache mno. Sasa yule kijana mmoja wa Kasarani aliyekubali kuweka moja, ukimnyima benki yake na tiketi zake, ataizima. Na hatapigia mtu simu kusema ameizima.

Ukiwa ndo wewe umefungiwa

Kwanza hakikisha kama shida ni IP kweli. Laptopu ile ile, zima wifi, tumia hotspot ya simu. Ikifunguka, ni IP. Halafu andika IP yako kwa ukurasa wa Tor Project unaoitwa ExoneraTor, unachagua tarehe, unaambiwa kama IP hiyo ilikuwa rilei siku hiyo. Hata kama hujawahi kuweka rilei, angalia, unaweza kuwa umerithi namba ya mtu.

Kabla hujaweka rilei yoyote hapa kwetu jua kwamba lazima uwe na IP yako mwenyewe inayofikika kutoka nje. Bando ya simu na faiba nyingi za bei ya chini zinawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, na hapo rilei haitafanya kazi. Uliza kampuni yako kama wanauza IP ya umma, huwa ni pesa ya ziada. Na kama unaishi kwa ploti ambapo landlodi ameleta laini moja akaigawa nyumba zote, tafadhali usiweke rilei hapo hata kama rauta iko kwako. Utawafungia majirani kumi na mbili saiti ambazo wanazitegemea, na hawajakubali.

Njia safi kabisa ni kukodi seva ndogo mahali panaporuhusu rilei, IP ya huko ikifungiwa hakuna mtu wa nyumba anaumia. Kama hiyo pesa haipo, endesha daraja badala ya rilei. Daraja ni rilei ya kuingilia ambayo haiwekwi kwa orodha ya wazi, imetengenezewa watu wa nchi ambazo Tor imezuiwa, kwa hivyo wakusanyaji hawalipati kirahisi. Lakini usiliweke kwa IP ambayo jana ilikuwa rilei, hiyo ishajulikana. Na nyepesi kuliko zote ni Snowflake, kiongezo cha brauza, Firefox au Chrome, unawasha tu unaendelea na kazi zako. Mtu aliyezuiwa anapita kwako hadi kwa daraja, kutoka hapo anaingia rilei za Tor, IP yako haiko kwa orodha ya rilei na saiti anayoenda haiwezi kuiona. Inafanya kazi hata nyuma ya IP ya kushirikiwa, ingawa si kila anayezuiwa ataweza kuunganishwa na laini ya aina hiyo. Kwa mtu wa Nairobi anayetaka kusaidia leo jioni, hii ndo ningemwambia aanze nayo.

Usikimbilie VPN kama dawa. IP nyingi za VPN zimo kwa kapu lile lile na unaweza kutoka kwa mlango mmoja uliofungwa kwenda mwingine.

Kama unataka kubaki na rilei yako nyumbani, basi andikia saiti. Usiandike kwa hasira. Piga picha ule ukurasa wa Access Denied pamoja na ile namba ndefu ya chini, hiyo ndo fundi wao ataitafuta kwa rekodi zake, bila hiyo atakuambia futa cookies. Waambie IP yako, waambie ni rilei isiyo ya kutokea, na kwamba hakuna mtu wa Tor anaweza kufika kwao kupitia hapo. Kwa benki usiishie kwa yule wa kupokea simu, omba ujumbe ufike timu ya usalama wa mifumo.

Na wewe fundi wa saiti unayesoma hii: ingia kwa fayawolo yako uangalie kile kisanduku cha Tor kinatumia orodha gani. Kama ni ya rilei zote, kizime, weka orodha ya rilei za kutokea kutoka kwa Tor Project na uipange ijisasishe kila saa, manake ukiiweka mara moja ukaisahau baada ya wiki utakuwa unafungia watu ambao walishaondoka. Ukurasa wa kusoma tu uache wazi. Pale kwa kulogin na kulipa ndo uweke ukali, kapcha, uthibitisho wa simu, chochote unachoona kinafaa. Ni kazi ya mchana mmoja.